Sataranji ya Kichaa

Leo siandiki siasa. Wale mnaopita hapa kutafuta nani kasema nini Dodoma, leo mtaondoka mikono mitupu. Nataka kuongelea watu wanaokaa chini na kubadili sheria za mchezo ambao dunia nzima imeshakubaliana unachezwaje. Nazungumzia sataranji, au chesi kama tunavyoiita mjini. Wapo watu, tena si wachache, ambao kazi yao ya jioni ni kuuliza: farasi akiruka hivi badala ya vile, itakuwaje? Ubao ukiongezwa vyumba? Malkia akiondolewa kabisa?

Unaweza kusema hawana kazi. Kazi wanayo, na ni ngumu kuliko kucheza kwenyewe. Mwingereza mmoja, David Pritchard, alitoa mwaka 1994 kitabu kinene cha kuorodhesha aina hizi, na alipata zaidi ya 1,000. Alifariki mwaka 2005 akiwa bado anakipanua. Mwenzake John Beasley akamalizia, toleo la pili likatoka 2007. Mtu na akili zake anatumia miaka yote hiyo kukusanya sheria za michezo ambayo mingi yake haichezwi na mtu yeyote! Mimi namwelewa. Nikwambie kwa nini.

Kijiwe chetu kina watu sita. Tunakutana Jumamosi jioni barazani kwa mmoja wetu, Kinondoni, tukiwa na ubao mmoja wa plastiki, mwingine wa mbao uliopasuka kona, na birika la kahawa. Yupo Mhasibu, yupo Fundi wa kompyuta, yupo Dada mfamasia, yupo kijana anayesoma sheria ambaye wote tunamwita Wakili kabla hajahitimu, yupo Mwalimu wa hisabati, na mimi mwandishi ambaye kila nikifungwa naambiwa niende nikaandike.

Sasa huyu Mwalimu ndiye aliyekaribia kuua kijiwe, bila kukusudia. Amejifunza chesi kwa miaka 15 kutoka kwenye vitabu chakavu alivyonunua kimoja kimoja kwa wauza vitabu vya mitumba. Hatua kumi na mbili za mwanzo anazicheza huku anakunywa kahawa, haangalii hata ubao. Wewe unakuna kichwa dakika tano, unasogeza askofu kwa fahari, yeye anajibu kabla hujatoa mkono. Hatua ya kumi na tatu ndipo anapoanza kufikiri, na wakati huo wewe umeshakufa, hujaambiwa tu.

Dada mfamasia akaacha kuja. Nilipompigia alisema, "Kaka, mimi mitihani ya kukariri nilimaliza chuoni." Wakili akafuata. Tukabaki wanne, kisha watatu. Mwalimu mwenyewe alikuwa anakaa na ubao wake umepangwa, anangoja mtu. Ilikuwa inasikitisha kuona.

Ndipo Fundi akaja siku moja na dadu. Dadu moja tu, ya ludo. Akasema leo tunacheza ya Fischer.

Bobby Fischer ni yule Mmarekani aliyemfunga Boris Spassky kule Reykjavik mwaka 1972 na kuwa bingwa wa dunia. Kwa maneno na tabia zake za miaka ya mwisho simtetei hata kidogo. Lakini tarehe 19 Juni 1996, jijini Buenos Aires, alitangaza sheria zake mpya, na sababu yake ilikuwa ileile ya Dada mfamasia: chesi imekuwa mchezo wa kukariri. Dawa yake ni fupi. Askari wanabaki mahali pao. Kete nane za nyuma zinapangwa kwa bahati nasibu, na wapinzani wote wawili wanapata mpangilio uleule. Masharti ni mawili tu: maaskofu wawili wawe kwenye rangi tofauti, na mfalme awe katikati ya ngome zake mbili.

Hesabu yake ni tamu, na Mwalimu ndiye aliyetufanyia, kwa shingo upande. Askofu wa vyumba vyeusi ana nafasi 4. Wa vyumba vyeupe ana 4. Hapo ni 16. Malkia anachagua kati ya vyumba 6 vilivyobaki: 96. Farasi wawili wanagawana vyumba 5, na njia za kufanya hivyo ni 10: tumefika 960. Vinabaki vyumba vitatu, na hapo hakuna cha kuchagua, ni ngome, mfalme, ngome. Ndiyo maana watu wengi wanauita mchezo huo chesi 960. Kila mpangilio umepewa namba, kuanzia 0 hadi 959, na ule tuliouzoea sote ni namba 518. Yaani ile chesi "halisi" tunayogombania ni mmoja tu kati ya ndugu 960, na wala si kifungua mimba.

Na dadu ya ludo inatosha. Unatupa kwa ajili ya askofu, ikitoka 5 au 6 unarudia. Unatupa kwa askofu wa pili vilevile. Malkia hana marudio, vyumba ni sita na dadu ina nyuso sita. Unaendelea na farasi mmoja kwenye vyumba vitano, wa pili kwenye vinne, umemaliza. Hakuna haja ya umeme.

Jioni ile Wakili alirudi, na ugomvi ulianza hatua ya tisa, alipotaka kufanya kasilingi. Katika chesi ya kawaida mfalme anasogea vyumba viwili upande, ngome inamruka na kukaa ubavuni kwake. Sasa mfalme akianzia pengine? Fischer aliamua hivi: popote walipoanzia, wakimaliza wakae palepale ambapo wangekaa katika chesi ya kawaida. Kwa hiyo mfalme wa Wakili alikuwa safu ya f, ngome yake safu ya g, na kasilingi yake ilikuwa ni hao wawili kubadilishana viti. Mhasibu aligoma. Alisema huo ni wizi wa mchana. Wakili akasimama, akadai sheria isomwe kama ilivyoandikwa. Walibishana hadi kahawa ikapoa.

Mimi nilikaa kando nikifikiria: kwa nini Fischer alitaka sheria hii yenye kuchanganya, wakati angeweza kufuta kasilingi tu na maisha yakaendelea? Jibu ninaloliona ni kwamba alikuwa anapasua mahali pamoja tu. Alitaka kuondoa kukariri kwa mwanzoni. Hakutaka kugusa kingine. Baada ya wafalme kujificha, ubao unaanza kufanana na chesi tunayoijua, na yale uliyojifunza juu ya kushambulia, juu ya askari, juu ya mwisho wa mchezo, yote bado yanakufaa. Daktari mzuri wa upasuaji hafungui tumbo lote kutafuta kidole tumbo.

Jioni ile Mwalimu alifungwa na Dada mfamasia. Alifungwa vizuri, si kwa bahati. Na badala ya kumpa mkono kama desturi yetu, alikusanya kete polepole akasema, "Mmenichomea maktaba."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ana hoja. Kitu alichokijua hakukiiba. Alikilipia, usiku baada ya usiku, kwa taa ya chemli umeme ukikatika. Halafu kuna jambo jingine: katika chesi namba 518 unaweza kufungua mchezo uliochezwa karne ya 19 na ukajikuta barabara moja na wale marehemu, unajua wamefika wapi na wamekosea wapi. Mpangilio uliotoka kwenye dadu dakika mbili zilizopita ni yatima. Hauna babu. Wapenzi wa sheria mpya huwa wanaliruka jambo hili, na mimi nadhani hawapaswi kuliruka.

Lakini nilimjibu Mwalimu hivi, na bado nasimamia jibu langu. Hiyo maktaba yenyewe imejengwa juu ya majivu ya maktaba nyingine.

Hebu fikiria neno letu, sataranji. Limetoka kwenye Kiarabu, shatranji, ambalo Waarabu walilipata kwa Waajemi, nao kwa Wahindi walioita mchezo wao chaturanga, yaani viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. Kwa hiyo neno tunalotumia ni jina la mchezo wa zamani ambao hatuuchezi tena! Katika shatranji hapakuwa na malkia. Palikuwa na mshauri wa mfalme, na alisogea chumba kimoja tu kwa mshazari, mzee wa kutembelea mkongojo. Mahali pa askofu alisimama ndovu, aliyeruka vyumba viwili kwa mshazari na si zaidi. Askari hakuwa na ruhusa ya kuanza kwa hatua mbili. Na ukimbana mfalme wa mwenzako akakosa pa kwenda bila kuwa kwenye cheki, ulikuwa umeshinda. Leo hiyo ni sare.

Mchezo ulikuwa wa taratibu mno, kiasi kwamba mabingwa wa Baghdad walikuwa na mipangilio waliyoizoea ya kuanzia ili wasipoteze muda. Kisha, mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania, watu wakabadili sheria. Mshauri akawa malkia anayekwenda pande zote bila kikomo. Ndovu akawa askofu wa leo. Liko shairi la Valencia la mwaka 1475 hivi, liitwalo Scachs d'amor, ambalo ndani yake mchezo mmoja unachezwa kwa sheria hizo mpya. Na unajua Wafaransa waliuitaje mchezo huo mpya? Chesi ya bibi mwenye kichaa. Waitaliano nao wakauita wa kichaa. Hebu mfikirie mzee wa Valencia aliyekuwa amekariri njia zote za yule mshauri mwenye mkongojo, halafu vijana wanamletea bibi anayekimbia ubao mzima. Naye bila shaka alisema wamemchomea maktaba. Kile kichaa ndicho leo Mwalimu anachokiita chesi halisi.

Mwalimu alinisikiliza. Akasema, "Wewe ni mwandishi, maneno hayakupi tabu." Jumamosi iliyofuata alikuja lakini.

Baada ya hapo kijiwe kiliingiwa na wazimu wa sheria. Tukajaribu karibu kila tulichosikia. Kuna ile ya Capablanca, bingwa wa dunia kutoka Cuba, ambaye miaka ya 1920 aliogopa kwamba mabingwa wakizidi kujua, kila mchezo utaishia sare. Hofu yake haikuwa ya bure. Mwaka 1927 alipopokonywa ubingwa na Alekhine, michezo ilikuwa 34, na 25 kati yake ilikuwa sare. Tena palepale Buenos Aires! Sijui mji ule una nini. Dawa ya Capablanca ilikuwa ubao wa vyumba 10 kwa 8 na kete mbili mpya kila upande: moja inatembea kama askofu na farasi kwa pamoja, nyingine kama ngome na farasi. Wazo lenyewe si lake la kwanza, Mwitaliano Pietro Carrera alishalitoa mwaka 1617.

Tuliuchora ubao kwa kalamu nyuma ya kalenda, kete mpya zikawa vizibo vya soda kama kwenye drafti. Yule askofu-farasi ni shetani. Mfalme akiwa peke yake konani, askofu-farasi akisimama vyumba viwili kutoka kwake kwa mshazari, kazi imekwisha: kwa uaskofu anampiga cheki na kuziba chumba cha katikati, kwa ufarasi anaziba vile viwili vya pembeni. Hahitaji msaada wa mtu. Dada mfamasia alipoligundua hilo alipiga kofi meza, kahawa ikamwagika.

Na bado chesi ya Capablanca haikuenea, na nadhani sababu ni ya kawaida kabisa. Inataka seremala. Inataka ubao ambao duka halina na kete ambazo hakuna anayezichonga. Fischer alitaka bahati nasibu tu.

Niliyoipenda kuliko zote, kwa jinsi ilivyotengenezwa, ni ya Alice, ya Mwingereza V. R. Parton, mwaka 1953. Mbao mbili. Kete zote zinaanza kwenye ubao wa kwanza, wa pili ni mtupu. Kila kete ikishasogea kihalali, inavuka na kutua chumba kilekile kwenye ubao wa pili, mradi kiwe wazi. Ikisogea tena, inarudi. Basi. Sheria moja tu, na akili yako inageuka juu chini, maana malkia anayekukodolea macho toka ubao mwingine hawezi kukugusa, na askari uliyedhani anakulinda hayupo duniani kwako. Ile ya Lord Dunsany, mwandishi wa Ireland, nayo tuliifurahia: upande mmoja jeshi la kawaida, upande wa pili askari 32 watupu. Unadhani ni mzaha hadi ukutane na ule ukuta.

Hapo ndipo Mhasibu alipoamua na yeye kutunga yake. Aliiita Daladala. Ngome ikisogea, inaweza kumbeba askari wake aliye jirani na kumshusha pembeni yake inapofika. Tulicheka, tukasifu, tukapanga kete. Mchezo wa kwanza tu ulionyesha tatizo. Safu moja ikifunguka, ngome inapakia askari, inampeleka hadi mlango wa nyuma wa adui, hatua inayofuata askari ni malkia. Kila safu iliyo wazi ikawa njia ya mkato. Hakuna aliyejali farasi wala askofu, wote tulikuwa tunagombea barabara.

Mhasibu akaongeza sheria: abiria hashushwi ng'ambo ya katikati ya ubao. Tukacheza mitatu. Hakuna aliyepanda daladala hata mara moja, maana safari ya kuishia Magomeni wakati unakwenda Kariakoo haina faida. Akaongeza nyingine ya nauli, unapoteza zamu. Ikawa mbaya zaidi. Kufika usiku karatasi yake ilikuwa na vifungu saba, na Wakili peke yake ndiye aliyekuwa na furaha.

Lakini si kila kiraka ni kibaya, tuwe wakweli. Askari aliporuhusiwa kuanza kwa hatua mbili ili mchezo uchangamke, akapata mwanya wa kumpita askari wa adui bila kukamatwa. Wakaweka sheria kwamba yule wa jirani anaweza kumkamata kana kwamba alisogea hatua moja. Kila anayejifunza chesi analalamikia sheria hiyo, na ipo hadi leo, kwa sababu inalinda kitu kilichokuwepo kabla yake. Viraka vya Mhasibu vilikuwa vinalinda wazo lake tu.

Siku hizi wanaotafuta sheria wana msaidizi ambaye Mhasibu hana. Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia wa zamani, mwaka 2019 alipendekeza kasilingi ifutwe, wafalme wabaki hatarini. Mwaka 2020 yeye na watafiti wa DeepMind wakachapisha kazi ambamo mashine yao, AlphaZero, ilijichezea yenyewe aina tisa za sheria zilizobadilishwa: askari wanaorudi nyuma, askari wanaokwenda pembeni, hata ruhusa ya kula kete yako mwenyewe. Jambo ambalo vijiwe vingehitaji miaka kuligundua, mashine inalipima mapema. Nimefurahi, na nimehuzunika kidogo. Ile jioni ya Daladala singeibadilisha na mashine yoyote.

Chesi ya Fischer yenyewe haijabaki ya vijiwe. Mwaka 2019 shirikisho la chesi duniani, FIDE, liliitambua na kuandaa ubingwa wa kwanza rasmi, Norway. Wesley So alimfunga Magnus Carlsen, aliyekuwa bingwa wa chesi ya kawaida, kwa pointi 13.5 kwa 2.5. Nilimsomea Mwalimu matokeo hayo. Hakusema kitu.

Kijiwe kimerudi watu sita. Jumamosi moja tunatupa dadu, inayofuata tunacheza 518, ndiyo makubaliano, na Wakili kayaandika. Mwalimu bado anashinda kuliko wengine hata siku za dadu, ila sasa inambidi afikirie kuanzia hatua ya kwanza, na kahawa yake inapoa kama zetu. Mwezi uliopita alikuja na daftari la mraba. Kila ukurasa mpangilio mmoja: namba yake juu, chini yake askari yupi anaanza bila mlinzi, askofu yupi afunguliwe mapema, kasilingi ya upande upi ni salama. Alikuwa amefika ukurasa wa 23.

"Mwalimu," Dada mfamasia akamwambia, "ziko 960. Utazeeka."

"Tupa dadu, dada," akasema, akalifunika daftari kwa kiwiko.